Vyote vilionekana vizima: duka la steshenari, diski iliyochoka na flashi ya TB 1

Mimi ni fundi wa kompyuta. Kisa hiki nimekiandika kwa ruhusa ya mwenye duka, aliyeniomba jambo moja tu: asijulikane. Kwa hiyo mji, chuo na majina nimeyaondoa, na bei nimezizungusha kidogo. Mengine nimeyaacha yalivyotokea, pamoja na pale nilipokosea mimi mwenyewe.

Usuli

Duka ni chumba kimoja kinachotazamana na geti la chuo. Mwenye duka, mama wa makamo, alianza na mashine moja ya kutoa kopi. Siku hizi anachapa barua, anaskani vyeti, anapiga pasipoti saizi, anawajazia vijana maombi ya mkopo na ya ajira, na msimu wa harusi ukifika anatengeneza kadi za mchango hadi usiku. Anasaidiwa na binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne, mwepesi wa kuchapa kuliko mimi.

Kompyuta ilikuwa moja. Ni ya mezani, ya ofisini, iliyokwisha kutumika kwingine kabla ya kununuliwa Kariakoo: prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nne, ukoo uliotoka mwaka 2013, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500, Windows 10. Chini ya meza kulikuwa na UPS ndogo ya VA 650, kisanduku cha betri cha kushikilia umeme ukikatika, na juu ya meza printa mbili, moja ya wino wa matanki na moja ya leza.

Duka zima liliishi ndani ya diski hiyo. Daftari la madeni lilikuwa la Excel, maana walimu na wanachuo hukopa kuprinti na kulipa mwisho wa mwezi. Kulikuwa na violezo vya kadi alivyovitengeneza kwa miaka sita, kazi za wanachuo zilizokuwa katikati ya kuchapwa, na nakala za vitambulisho na vyeti vya watu ambao wengi wao walishahitimu na kuondoka.

Mama huyu hakuwa mzembe. Alijua diski hufa, kwa hiyo alinunua flashi kwa mmachinga, imeandikwa TB 1, kwa shilingi 20,000. Alipoichomeka, kompyuta ilisoma TB 1 kweli. Akanakili mafaili machache, akayafungua, yakafunguka. Tangu hapo kila mwisho wa mwezi binti alimwaga humo folda nzima ya kazi.

Kilichotokea

Desemba 2024 kompyuta ikaanza kuwa nzito. Ukibofya Word unaweza kumhudumia mteja wa kopi, ukampa chenji, ukarudi ukakuta duara bado linazunguka. Fundi wa jirani akaitwa, akaona RAM ni GB 4, akashauri ziongezwe zifike 8. Ushauri haukuwa mbaya. Windows ikikosa nafasi kwenye RAM huusukumia mzigo wake kwenye diski, kwa hiyo RAM mpya iliipunguzia diski kazi na mashine ikapata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo iliyouficha ugonjwa hadi Machi.

Machi 2025 uzito ukarudi, na sasa mashine inaganda kabisa. Fundi akasema dawa ni kupiga Windows upya, yaani kufuta diski na kuweka Windows mpya. Kabla ya kugusa chochote aliuliza swali sahihi: "Mama, vitu vyako viko wapi?" Akajibiwa: "Vyote nimeweka kwenye flashi." Flashi ikachomekwa mbele yake. Folda zipo, majina yote yapo, hata ukubwa wa kila faili umeandikwa. Akafomati, akapiga Windows. Kesho yake mashine ilikuwa nyepesi kama mpya. Akalipwa, akashukuriwa.

Tabu ikaanza pale binti alipotaka kurudisha mafaili. Folda ya kwanza kuwekwa ilifunguka vizuri. Zilizofuata, Word inasema faili limeharibika, picha zinaleta kijivu kitupu, na daftari la madeni halifunguki. Wakadhani ni virusi. Wakaamua kuanza upya na mafaili mapya huku wakimsubiri fundi, ambaye alikuwa amesafiri.

Kwa wiki kama mbili mashine ilikimbia. Kisha, masika yakiwa yamepamba moto, ikaanza tena kuganda, safari hii na sauti: tik, tik, tik, halafu kimya. Asubuhi moja ikawaka skrini nyeusi yenye maandishi kwamba haioni diski. Siku hiyohiyo mwanachuo mmoja alifika kuchukua sura tatu za utafiti wake, na msimamizi wake alikuwa anazitaka Ijumaa.

Nilipigiwa simu saa nne asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kompyuta imenifia, na kuna mtoto wa watu hapa analia."

"Sasa hivi inafanya nini?"

"Binti anaizima na kuiwasha. Mara nyingine inakubali."

Nikamwomba binti aache papo hapo na auchomoe waya ukutani.

Maamuzi, na sababu zake

Kuizima ndio uamuzi mkubwa kuliko yote yaliyofuata, na ndio rahisi kuliko yote. Diski ya kuzunguka ina kichwa kinachosoma kikielea juu ya sahani kwa umbali mdogo mno kuliko unene wa unywele. Kikianza kugonga, kila kuwasha ni kuipa nafasi nyingine ya kujikwaruza. Watu hudhani kwamba kwa kuwa "mara nyingine inakubali", wakijaribu mara kumi watapata kumi. Wanazitumia mara walizobakiwa nazo bila kunakili kitu.

Jirani muuza vinywaji alishauri diski iwekwe kwenye friza usiku kucha. Dawa hiyo ni ya zamani na bado inatembea mitaani. Nilikataa: diski ikitoka kwenye baridi kuingia kwenye joto letu hutokwa jasho ndani, na maji juu ya sahani ni msiba wa pili.

Nilipofika niliitoa diski na kuiunganisha na laptopu yangu kwa waya wa USB wenye umeme wake, nikasoma kumbukumbu ambayo diski yenyewe huiandika kuhusu afya yake, ile inayoitwa SMART. Sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizohamishwa baada ya kuharibika zilikuwa 1,376. Zinazosubiri hukumu, zile zinazogoma kusomeka, zilikuwa 212. Kwa diski isiyoumwa tarakimu zote mbili huwa sifuri, au karibu na sifuri. Ukuta ulikuwa umeoza tangu zamani, na kupiga Windows kulikuwa kupaka rangi. Ndiyo maana ulipendeza kwa wiki mbili.

Uamuzi wa pili ulikuwa kunakili diski yote kwanza, sehemu nzuri na mbovu, kwenda kwenye diski nyingine nzima, na kutafuta mafaili kwenye nakala hiyo tu. Nilitumia ddrescue, programu ya bure ya Linux. Uzuri wake ni adabu: inapita kwanza kwenye maeneo yanayosomeka, inaruka yanayosumbua, kisha inayarudia mwishoni, na muda wote inaandika ramani ya ilipofika. Programu za kufufua mafaili zinazoifanyia kazi diski mbovu moja kwa moja huigongesha pale inapoumwa, na mara nyingi huimaliza kabla ya kufika kwenye unachokitafuta.

Mwenye duka alikataa diski isitoke dukani. "Humo mna vitambulisho vya watu," alisema, na alikuwa sahihi kuliko mafundi wengi. Kwa hiyo nilifunga kambi kwenye chumba cha nyuma. Hapa nikafanya kosa langu la kwanza. Diski kubwa ya kompyuta ya mezani huhitaji volti 12, tofauti na ndogo ya laptopu inayotosheka na volti 5 za USB, kwa hiyo betri ya laptopu yangu isingeisaidia umeme ukikatika. Nikachomeka adapta yake kwenye ile UPS ya chini ya meza. Taa ilikuwa ya kijani, sikuuliza zaidi. Saa tano usiku umeme ukakatika, na UPS ikazimika nao sekunde ileile. Diski inayoumwa ikapata kishindo ilichokuwa haikihitaji. Kilichoniokoa ni ile ramani: umeme uliporudi, ddrescue iliendelea pale ilipoishia badala ya kuanza mwanzo.

Kesho yake niliuliza habari za UPS, nikacheka peke yangu. Printa ya leza ilikuwa imechomekwa humo. Printa ya leza ina kipashio cha moto cha kuyeyusha tona (wino wake wa unga), na kila kinapoanza kupasha huvuta umeme mwingi kuliko UPS ya VA 650 inavyoweza kubeba. "Huwa inalia kila tukiprinti," binti alisema, "tukajua ndivyo ilivyo." Betri ya ndani, ile ya kawaida ya volti 12 na Ah 7, ilikuwa imevimba tumbo. Na taa ya kijani? Kwenye kifaa kile ilimaanisha tu kwamba umeme wa ukutani upo.

Siku ya pili, diski ikiendelea kunakiliwa, niligeukia flashi. Niliipima kwa programu ya F3, ambayo huijaza flashi data hadi pomoni kisha huisoma yote kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachosomwa. Jibu: TB 1 iliyoandikwa nje, lakini ndani mna kama GB 29 za kweli.

Hapa nisimame kidogo, maana utapeli huu umeshawaliza wengi na wachache wanajua unavyofanya kazi. Ndani ya flashi mna vitu viwili: chipu inayotunza data na chipu ndogo inayoongea na kompyuta kwa niaba yake, mfano wa karani wa ghala. Tapeli hamgusi mwenye ghala. Anamhonga karani aseme ghala lina nafasi ya TB 1. Ukileta mzigo, karani anapokea na kusaini. Ghala likijaa, mzigo unaofuata anautupa nyuma ya nyumba au anaupakia juu ya uliokuwemo, na bado anasaini. Orodha ya majina ya mafaili, ambayo hukaa mwanzoni mwa flashi, inabaki nzima. Ndiyo maana folda zote zilionekana na ukubwa wake, na ndiyo maana mafaili machache ya majaribio yalifunguka: yalikuwa ya kwanza, yakapata nafasi ya kweli. Mama alijaribu flashi yake, ila aliijaribu mahali pekee ambapo haikudanganya.

Kunakili diski kulichukua siku tatu, na usiku mbili zilizokatizwa na umeme. Isipokuwa chini ya GB 2, zote 500 zilisomeka. Nikaifanyia nakala kazi kwa PhotoRec, inayotafuta mafaili kwa kutambua umbo lake badala ya jina. Hilo lilikuwa la lazima, kwa sababu Windows mpya ilipoingia iliandika orodha yake ya majina juu ya ile ya zamani. Kazi nyingi zilipatikana, lakini zikiwa zimevuliwa majina: maelfu ya mafaili yanayoitwa f na tarakimu ndefu, yakiwa yamechanganyika na aikoni za kivinjari na picha za matangazo.

Asubuhi ya siku ya tatu yule mwanachuo alirudi. Alisimama mlangoni, akatazama nyaya zangu, akasema kwa unyonge: "Lakini si nilikutumieni kwenye WhatsApp?"

Tulitazamana. Simu ya duka ilikuwa mfukoni mwa binti. Kwenye folda ya nyaraka za WhatsApp zilikuwemo sura mbili alizozituma yeye, na kwenye zilizotumwa ilikuwemo sura ya tatu ambayo binti alimrudishia baada ya kuichapa. Zilikuwa zimekaa pale muda wote, na mimi nimelala chini usiku mbili. Tukaiunganisha simu kwa waya na kuvuta folda nzima. Zaidi ya nusu ya kazi za wateja za miezi ile ilikuwa humo, na majina yake yote.

Baada ya hapo ikaja hoja ya kununua. Chaguzi zilikuwa tatu. Laptopu mpya ingekaribia milioni moja na laki tatu. Kompyuta nyingine ya mezani iliyotumika, ya kizazi cha nane, ilikuwa kama laki tano na nusu. SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya GB 256 ndani ya mashine ileile, shilingi 75,000. Kulikuwa na jambo la kupimia: Microsoft ilishatangaza kwamba huduma ya Windows 10 inakoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haikubali karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Mashine hii ingebaki na miezi sita ya viraka vya usalama.

Tulichagua SSD. Prosesa yake haikuwahi kuwa tatizo. Wakati mashine inaganda, prosesa ilikuwa karibu imelala na diski iko asilimia 100. Kazi ya duka ni kuchapa na kuprinti. Pia mwezi uliokuwa unakuja ulikuwa wa karatasi na wino mwingi, na biashara isiyo na fedha ya wino haiokolewi na laptopu nzuri. Kompyuta ya laki tano na nusu tuliiahirisha hadi mwisho wa mwaka, tukijua kwamba tunaiahirisha tu.

Katika kutafuta njia ya kukwepa Oktoba, nikafanya kosa la pili. Nilimshawishi aweke Linux Mint badala ya Windows, na LibreOffice badala ya Word na Excel. Ni programu nzuri, bure, nyepesi, nazitumia mwenyewe kila siku. Dukani hazikudumu wiki. Utafiti wa mwanachuo wenye yaliyomo na namba za kurasa ulifunguka ukiwa umesogea mistari, na kwa mwanachuo mstari uliosogea ni fedha ya kuprinti tena. Violezo vyote vya kadi vilikuwa vya Publisher, programu ya Microsoft ya kutengenezea kadi na vipeperushi. Siku ya tano nilirudisha Windows 10, bila malipo, na bila kuambiwa neno, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Matokeo

Mwanachuo alikabidhi kazi yake Ijumaa. Violezo vya kadi vilipatikana karibu vyote, ingawa binti alitumia jioni nne kuvipa majina. Daftari la madeni lilipatikana katika matoleo matatu: la karibuni halikufunguka, lililofuata lilikuwa la wiki tatu nyuma. Madeni ya wiki zile tatu yalikusanywa kwa kuuliza, na mama anasema wateja wawili "walisahau". Picha za pasipoti za miaka ya nyuma hatukuzihangaikia.

Kompyuta ambayo ilikuwa inachukua dakika nne kuwaka sasa inawaka kabla binti hajamaliza kupangusa meza. Gharama yote, SSD, betri mpya ya UPS na diski ya nje ya TB 1 kutoka duka lenye risiti, ilifika kama 270,000, ukiacha ufundi wangu. Fedha zilizotumika kabla ya hapo, kwa RAM, kwa kupiga Windows na kwa flashi, zilikaribia 100,000.

Oktoba ilipofika, Microsoft ilikuwa imefungua mlango wa mwaka mmoja zaidi wa viraka, hadi 13 Oktoba 2026, kwa anayejiandikisha. Tukajiandikisha. Publisher nayo Microsoft imetangaza kuiondoa Oktoba hiyohiyo ya 2026, kwa hiyo hata violezo vya kadi vina tarehe ya kuhama.

Uchambuzi

Fundi wa kwanza analaumiwa sana dukani, na mimi simlaumu kiasi hicho. Aliuliza vitu viko wapi, akaomba kuviona. Wengi hawafiki hapo. Alichokosa ni kufungua mafaili matatu au manne, hasa ya mwisho kuwekwa. Orodha ya majina si mafaili, kama vile menyu ukutani si chakula. Kosa lake la pili ni la kazi yetu wote: "nzito" tumeifanya jina la ugonjwa wakati ni dalili tu. Mashine nzito inaweza kuwa na RAM ndogo, diski inayokufa, vumbi lililoziba feni hadi prosesa inajipunguza mwendo, au programu ishirini zinazojiwasha zenyewe. Kupiga Windows huponya ile ya mwisho, na huzipa zile nyingine nafuu ya muda inayoonekana kama kupona.

Kutofautisha hakuchukui dakika kumi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager litafunguka, tazama upande wa utendaji (Performance). Kama diski iko 100 na prosesa iko chini, tazama muda wa kujibu wa diski. Ya kuzunguka iliyo nzima hujibu kwa makumi ya milisekunde; ya duka hili, alivyokumbuka binti, ilikuwa ikionyesha maelfu. Kisha programu ya bure kama CrystalDiskInfo hukusomea SMART na kukuonyesha rangi. Nakumbusha tu kwamba hata rangi ya bluu pale juu, ile ya afya njema, nisingeiamini peke yake: soma mstari wa sekta zilizohamishwa na wa zinazosubiri, maana diski inaweza kuitwa nzima huku namba hizo zikipanda kila wiki.

Kilichofanya kazi vizuri ni kuzima mapema, kunakili kabla ya kufufua, na ile ramani. Bahati nayo ilikuwepo, na nisijivike sifa zake. Diski ilikuwa ya kuzunguka. Ukifomati haraka diski ya namna hiyo, data ya zamani inabaki ilipo hadi kitu kipya kiandikwe juu yake. SSD haiko hivyo: Windows ikifomati huiambia kwamba nafasi ile haina kazi tena, na SSD huisafisha yenyewe kimyakimya. Lau SSD ningeiweka mimi Desemba, na fundi yuleyule akapiga Windows Machi, PhotoRec isingekuwa na cha kuokota. Niliponunua ile ya shilingi 75,000 nilimweleza mama hivyo: mashine itakuwa nyepesi zaidi, na msamaha utakuwa mdogo zaidi.

Kosa langu zito ni mpangilio wa maswali. Nilianza na lile ninalolijua, diski, kwa sababu mimi ni fundi wa diski. Swali la kwanza lingekuwa: faili hili limepita wapi? Kazi ya steshenari haizaliwi dukani. Inaletwa kwa WhatsApp au baruapepe, inarudishwa kwa WhatsApp, na pengine imebaki kwa msimamizi, kwa rafiki aliyeisoma, kwenye simu ya mteja. Siku hizi nikipigiwa simu na mwenye ofisi ndogo, kabla sijabeba bisibisi namwomba aorodheshe watu waliowahi kutumiwa faili hilo. Mara nyingine safari inaishia hapo, na malipo yangu pia.

Kuhusu UPS sina utetezi. Kuipima ni kuchomoa waya wake ukutani kompyuta ikiwa inafanya kazi isiyo muhimu, na kuhesabu dakika. Betri hizi hudumu miaka michache tu, na joto la vyumba vyetu vya mabati huipunguza zaidi. Leza sasa imechomekwa ukutani moja kwa moja, na UPS haijalia tena.

Utaratibu mpya wa nakala niliukata mara mbili hadi ukawa mdogo kiasi cha kufuatwa. Toleo langu la kwanza lilikuwa na ratiba ya kila siku; nilijua binti ataiacha. Lililobaki ni hili: Ijumaa jioni diski ya nje inachomekwa, folda ya kazi inanakiliwa, binti anafungua faili moja la wiki hiyo kutoka kwenye diski ya nje, kisha diski inaondoka na mama kwenda nyumbani. Isilale dukani, kwa sababu mwizi na mvua havichagui kati ya kompyuta na nakala yake. Daftari la madeni peke yake linapanda pia Google Drive, kwa kuwa ni dogo na halili bando.

Jambo moja sikulitarajia. Tulipokuwa tunapanga yale maelfu ya mafaili, binti aliona vitambulisho na vyeti vya watu wa tangu 2019 vikipita kwenye skrini, akauliza kwa nini bado tunavyo. Hakuna aliyekuwa na jibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyotungwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, haiwahusu wenye ofisi za vioo pekee. Sasa vitambulisho vya wateja vinafutwa kila mwisho wa mwezi. Ile nakala niliyoitengeneza niliifuta mbele ya mwenye duka baada ya yeye kuridhika, na diski mbovu tuliitoboa kwa drili uani.

Flashi ya TB 1 haikutupwa. Niliikata ukubwa ibaki na GB 28 tu, ndani ya zile ambazo F3 ilizithibitisha. Binti ameandika 28 juu yake kwa maka peni nyekundu, na anaitumia kupeleka kadi kwa mwenye mashine ya kukata karatasi mtaa wa pili. Mara mbili ameombwa kuiuza, kwa sababu ubavuni bado imeandikwa TB 1.